Mbuzi ya nazi na mwaka wangu wa kwanza Tanga

Kila niliyemwambia nahamia Tanga alinijibu kwa maneno yale yale: "Tanga kunani? Waja leo, waondoka leo!" Kisha anacheka. Shangazi yangu wa Makambako akaongeza la kwake, kwamba huko hata maharage yanatiwa nazi. Nikacheka na mimi. Nilikuwa na miaka 29, nimepata kazi ya uhasibu, nina masanduku mawili na jiko la gesi la plati mbili, na sikuona la kunisumbua. Mji ni mji, nilijiambia. Ukiwa na kodi ya nyumba na bando kwenye simu, umeshafika.

Basi lilinishusha stendi ya Kange saa nne usiku, mwezi wa kwanza, kaskazi imekolea. Mtu aliyezaliwa kwenye upepo wa Makambako hajui joto. Nilishuka nimevaa sweta.

Sasa hivi kila akihamishiwa mtu huku kikazi ananitafuta kuniuliza aanzie wapi. Nimechoka kuandika ujumbe ule ule, kwa hiyo nayaweka yote hapa, pamoja na niliyokosea, ambayo ndiyo mengi.

Nianze na nyumba, maana hapo ndipo fedha inapopotea. Usilipe kodi ukiwa bado uko kwenu kwa kutumiwa picha. Fikia gesti hata kwa wiki moja, utafute kwa miguu yako. Mimi nililipa miezi sita kwa dalali niliyempata kwa simu. Nilipolalamika kuwa bei imepanda kuliko tulivyokubaliana, akaniambia, "Dada, bomba linakuja." Alikuwa na maana ya bomba la mafuta ghafi la kutoka Hoima, Uganda, kilomita 1,443, ambalo mwisho wake ni Chongoleani, kaskazini ya jiji. Ni kweli mradi ule umeleta watu. Lakini yeye alivyosema ungedhani mafuta yanapita chini ya kitanda changu. Nikalipa.

Masika ilipofika, maji yakaingia ndani. Usiku wa pili wa mvua niliamka nikaona ndala zangu zinaelea kuelekea jikoni. Nikapandisha godoro juu ya meza, nikakaa nalo huko mpaka asubuhi kama kuku wa kuatamia. Mwenye nyumba hakurudisha hata senti. Kwa hiyo ukienda kuangalia chumba, tazama ukuta chini karibu na sakafu: rangi iliyobanduka kwa mstari ulionyooka ni alama ya maji ya mwaka jana, na dalali hatakuonyesha. Ingia saa saba mchana usikie bati linavyochoma kama hakuna dari. Uliza mita moja ya umeme ya LUKU inahudumia vyumba vingapi na nani ana friji, maana hapo ndipo ugomvi wa kila mwezi unapotokea. Na maswali yote haya muulize mpangaji unayemkuta anafua uani. Dalali atakujibu yote ni mazuri.

Nikahamia Ngamiani, kwenye zile barabara za namba. Hilo ni jambo moja ambalo Tanga inamrahisishia mgeni kuliko miji mingine niliyokaa: mtu akikwambia anakaa barabara ya 12, unajua iko kati ya ya 11 na ya 13, basi. Nyumba ya Kiswahili yenye korido katikati, vyumba sita, uani kisima na choo, mbele baraza. Mimi nikapewa chumba cha mwisho kabisa karibu na uani.

Na hapo ndipo nilipofanya kosa langu kubwa, tena nikiona ndio adabu. Nilijitosheleza. Nilinunua kila kitu: ndoo zangu, beseni langu, ufagio wangu, kamba yangu ya kuanikia, pasi, blenda. Sikumgongea mtu mlango. Nikipita koridoni nasema "habari zenu" huku natembea. Mama yangu alinilea hivyo, usiwe mzigo kwa watu, na nilikuwa najisifu moyoni kwamba miezi minne imepita na hakuna jirani hata mmoja anayenidai chochote. Jioni narudi kazini, nafunga mlango, napiga simu nyumbani. Wikiendi nalia kidogo. Nilishaanza kuandika barua ya kuomba kurudishwa Iringa, karibu na kwetu.

Siku ya Jumapili moja nikawa nimewaalika wenzangu watatu wa kazini waje kula mchana. Asubuhi nilikwenda soko la samaki la Deep Sea, nikapata changu wawili wakubwa bado macho yanang'aa. Nimeshawaosha, nimeshavunja nazi mbili, nimeshakata vipande vya kusaga, nikabonyeza blenda. Kimya. Umeme umekatika, na ni saa nne na nusu.

Nilisimama pale na bakuli la vipande vya nazi kwa muda mrefu kuliko ninavyotaka kukiri. Kisha nikaenda mlango wa mbele, kwa bibi mmoja ambaye hata jina lake sikulijua, nikapiga hodi. Nikamwambia, "Shikamoo bibi, samahani, naomba kuazima mbuzi."

"Marahaba. Mbuzi unaijua kuikalia?"

Sikuijua. Kwetu nazi haioti. Akatoka nayo, kibao kimekuwa cheusi kwa miaka, ncha ya chuma imelika, akatazama vile vipande vyangu akasikitika kama ameona maiti. "Nazi huvunjwa vizio viwili, mwanangu. Hivi umevikata nani atavikuna?" Akamtuma mjukuu dukani kuleta nazi nyingine. Akanikalisha. Nikawa napeleka mkono mbele na nyuma kama nakata kuni, akanishika kifundo: mkono utulie, nazi ndiyo izunguke. Ukifika kwenye weusi acha, usiwe na uchoyo, tui litachafuka. Kisha maji ya vuguvugu, kukamua, kuchuja kwa kifumbu. Tui la kwanza zito likawekwa pembeni. La pili na la tatu ndilo la kuivishia, na lile zito huingia mwisho, moto mdogo, unakoroga bila kuacha upawa, maana ukigeuka kuongea na mtu tui linakatika na mchuzi unakuwa kama maziwa yaliyoganda. Aliniambia haya yote bila kupandisha sauti, amekaa kwenye kigoda, anatafuna tambuu.

Wageni walipoondoka nilimrudishia mbuzi yake nimeisafisha vizuri. Akaniambia neno ambalo sijalisahau: "Miezi minne nakusikia ukisaga. Nikasema huyu mtoto hana shida na mtu."

Hana shida na mtu! Mimi nilidhani hiyo ni sifa. Yeye alikuwa ananieleza kwa nini hakuwahi kunipigia hodi.

Ushauri wangu, basi, ni kinyume cha ule niliopewa na wote walionifunda kuhusu ugenini. Wao husema wahi kusaidia watu, toa, jitolee. Mimi nasema wahi kuomba. Omba kitu kidogo kinachorudishwa: kinu, ungo, ngazi, namba ya fundi bomba. Mgeni anayetoa kabla hajaomba anaonekana anajionyesha, au ana lake jambo. Anayeomba ameshakubali kwamba wenyeji wana kitu asichokuwa nacho, na wao wanapata pa kumshikia. Hela usiombe. Hela ni habari nyingine kabisa, na ukianza nayo utajulikana kwa hiyo.

Halafu kuna suala la chombo. Wiki ile ile bibi alinitumia bakuli la mihogo ya nazi. Nikala, nikaliosha likang'aa, nikalirudisha na asante nyingi. Hakusema kitu. Ni dada wa chumba cha tatu aliyenivuta pembeni: chombo hakirudi kitupu. Weka hata ndimu tatu. Nilikuwa nimeletewa parachichi kutoka Njombe, zile kubwa, nikampelekea nne kwenye bakuli la kwangu, na tangu hapo kati ya mlango wa mbele na mlango wa mwisho kuna vyombo vinavyotembea ambavyo sina hakika tena kipi cha nani. Ramadhani ndiyo usiseme. Mimi ni Mlutheri, sifungi, lakini kila magharibi mlango wangu uligongwa: uji wa pilipili manga, tambi, kunde, vitumbua. Nikijua naletewa futari, ningepikaje nyama mchana uani na harufu ikawapata? Hakuna aliyenikataza. Nilikuwa nakula mchana kazini, kimya kimya, nyuma ya kompyuta.

Salamu nazo zina bei yake, na bei ni muda. Wazee wa baraza la kona walikuwa wananiona kila asubuhi napita mbio, hadi mmoja akaniita, kikombe cha kahawa mkononi: "Mwanangu, huko uendako kunaungua?" Nikaona aibu. Siku hizi natoka nyumbani dakika kumi kabla. Shikamoo, marahaba, umeamkaje, wa nyumbani hawajambo, na huko kwenu mvua imenyesha? Unajibu lote. Wazee wale ndio walionifungulia njia yangu yote: nilipohitaji barua ya utambulisho ya serikali ya mtaa, mmoja wao alinyanyuka akanipeleka mwenyewe, na sikuulizwa mimi ni nani.

Nisiwadanganye lakini. Ukishaingia, umeingia. Fundi alikuja kunitengenezea feni saa kumi jioni. Saa kumi na mbili nikaulizwa posa inaletwa lini. Jiko langu la gesi liliazimwa kwa shughuli ya siku moja, likarudi na mtungi mwepesi kama pamba. Kuna siku nataka tu kulala na mtu yuko mlangoni na habari ndefu ya binamu yake wa Pangani. Kwa mtu anayependa upweke wake, pengine mtaa wa Raskazone au nyumba yenye fensi itamfaa zaidi, na sitamcheka. Mimi nilijaribu kujifungia bila fensi, ikanishinda.

Mengine kwa kifupi. Nunua baiskeli: mji ni tambarare, kila mtu anayo, na jioni kuna upepo wa bahari. Nenda uwanja wa Mkwakwani hata kama mpira huujui, ujue Coastal Union ndio Wagosi wa Kaya, kwamba walichukua ubingwa wa nchi 1988, na kwamba usikae karibu na mtu wa African Sports, watani wao wa hapa hapa, ukitaka kusimuliwa habari hiyo kwa amani. Mapango ya Amboni nenda, lakini vaa viatu vya kufunga. Na kama unatoka nyanda za juu kama mimi, lala ndani ya neti tangu usiku wa kwanza. Miili yetu haijaizoea malaria ya pwani. Homa ikianza usimeze dawa ya kubahatisha, kapime. Kipimo cha tone la damu ya kidole hutoa jibu kwa dakika kama 20, na mimi niliyesema "ni uchovu wa joto tu" nilikaa kitandani siku tisa.

Ile barua ya kuomba kurudi Iringa bado iko kwenye kompyuta yangu. Sikuimalizia, inaishia kwenye "kutokana na."

Mwezi uliopita chumba cha nne kilipata mpangaji, binti wa Shinyanga, mwalimu. Mpole, msafi, ndoo zake mwenyewe, kamba yake mwenyewe. Anapita koridoni anasema "habari zenu" huku anatembea. Jumapili saa nne asubuhi nasikia blenda.

Nimemsikiliza Jumapili tatu. Ya nne nikampigia hodi, nikamwomba kiberiti. Ninacho, tena boksi zima. Alinipa, akaniambia nisihangaike kukirudisha.

Nitakirudisha.