Kabla ya kutengeneza sayari, amua jua liko wapi

Sayari iliyochorwa kwa kompyuta na mtu anayeanza huwa naitambua kwa mng'ao wake. Tekscha, yaani picha ya uso wa sayari, imepangwa vizuri, rangi zinapendeza, halafu ukingo wote umezungushiwa utepe mnene wa buluu, upande wa jua na upande wa usiku sawasawa. Tekscha mara nyingi haina neno. Kinachoiangusha picha ni vipimo na mwanga, na haya hayategemei programu: ukitumia Photoshop, GIMP au Krita, hesabu ni ile ile.

Chukua Dunia. Kipenyo chake ni kama kilomita 12,742. Ukiichora kwa upana wa pikseli 1,000, kila pikseli inabeba karibu kilomita 13. Kilomita 100 kwenda juu, kimo ambacho wengi hukihesabu kuwa mwanzo wa anga za mbali, ni pikseli nane tu. Sehemu kubwa ya hewa yenyewe imelala ndani ya pikseli ya kwanza. Mlima Everest wenye mita 8,849 haufikishi hata pikseli moja, kwa hiyo safu za milima zinazochomoza nje ya duara zifute bila huruma. Hata Olympus Mons, mlima wa Mirihi wenye kimo cha takriban kilomita 22, ungechomoza pikseli tatu tu kwenye picha ya ukubwa huo.

Kwa hiyo angahewa ipake kwa mkono mwepesi. Mimi hutumia leya mbili, yaani tabaka za picha zinazopangwa moja juu ya nyingine: moja ya mstari mwembamba, angavu, unaofuata ukingo, na nyingine pana kidogo iliyotiwa ukungu na kupunguzwa nguvu mpaka unajiuliza kama ipo. Zote mbili zing'ae upande wa jua, zififie zikikaribia usiku, na zipotee kabisa nyuma. Mwezi na Utaridi hazihitaji leya hizi hata kidogo.

Sasa mwanga, ambao ndio kazi yenyewe. Njia inayofundishwa sana ni kuchukua duara jeusi lenye ukubwa wa sayari, kulisogeza pembeni, kulitia ukungu, basi. Ni ya haraka, lakini hilali inayotoka humo ina kasoro: ncha zake haziko mahali pake. Kwenye tufe halisi, mpaka wa mchana na usiku tunauona kama nusu ya duaradufu (duara lililobanwa), na ncha zake mbili hukaa kwenye miisho ya kipenyo kimoja, zikitazamana kutoka upande hadi upande. Basi tia giza nusu ya duara, kisha chora duaradufu yenye urefu sawa na kipenyo na upana unaoutaka. Ukitaka hilali, iongeze kwenye giza. Ukitaka sehemu kubwa iwe na nuru, itoe kwenye giza. Weka kivuli hicho kwenye leya yake, juu ya tekscha, na ukikate kwa umbo la sayari ili uweze kukibadilisha baadaye.

Ukali wa mpaka huo nao unasema jambo. Sayari yenye hewa nzito ina mpaka laini. Mwezi una mpaka mkali, na hapo kreta, yaani mashimo ya kugongwa na vimondo, hutupa vivuli virefu. Ndiyo maana maumbo ya ardhi yaonekane zaidi karibu na mpaka wa usiku, na yapungue unapoelekea sehemu ambayo jua liko utosini. Tena, usitie giza ukingo wa kila tufe. Mwezi mpevu huonekana karibu bapa, ukingo wake unang'aa karibu sawa na katikati, ilhali Mshtarii hufifia waziwazi kuelekea ukingoni.

Kwa tekscha, picha za kutu, saruji iliyopasuka, mawe na magome ya miti hufaa kuliko filta ya mawingu (amri ya programu inayotengeneza madoa ya kubahatisha) ikiachwa peke yake. Zipige siku ya mawingu. Picha ya jiwe iliyopigwa juani ina vivuli vyake tayari. Ikiwa vinaelekea kinyume na jua lako, kila shimo litaonekana kilima. Ukiikuta hali hiyo, igeuze picha kabla ya kuhangaika na rangi.

Filta ya mawingu ina tatizo la madoa yanayokaribiana ukubwa, na madoa makubwa huifanya sayari ionekane ndogo. Changanya saizi tatu au nne: mabara, kisha mabonde, kisha chembechembe zinazoonekana kwa shida. Kreta nazo ziwe hivyo, kubwa chache na ndogo tele, mpya zikikata za zamani.

Ramani ya tufe zima iwe na upana mara mbili ya kimo, kwa mfano pikseli 4,096 kwa 2,048. Isogeze kwa nusu ya upana ili mshono, pale kingo za kushoto na kulia zinapokutana, uje katikati, uuzibe kwa brashi ya kunakili, ndipo uifunike kwenye tufe. GIMP ina filta ya kufanya hivyo. Kisha kagua ukingoni: kreta ya mviringo lazima ibanwe mpaka iwe duaradufu nyembamba. Ikibaki mviringo, jicho litakataa hata kama mtazamaji hajui sababu.

Usitawanye mambo ovyo. Majangwa mengi ya Dunia yako karibu na nyuzi 30 kaskazini na kusini mwa ikweta, na tufani huzunguka kinyume cha saa kaskazini, kufuata saa kusini. Mikanda ya Mshtarii huenda sambamba na ikweta. Mshtarii wenyewe si duara kamili: kilomita 142,984 kwenye ikweta, 133,708 kutoka ncha hadi ncha, kwa hiyo upunguze kimo kwa asilimia 6 na nusu. Zohali upunguze karibu asilimia 10, na usisahau kivuli chake juu ya pete.

Nyota ni suala la ladha. Picha ya Dunia iliyopigwa na wanaanga wa Apollo 17 tarehe 7 Desemba 1972 haina nyota nyuma, kwa sababu kamera iliyopimwa kwa mwanga wa sayari haizioni. Mimi huweka chache hafifu. Ila zisipenye upande wa usiku: ule ni mwamba, hauonyeshi kitu nyuma yake.

Fanya kazi yote kwa biti 16, mpangilio wa faili wenye ngazi nyingi zaidi za kila rangi kuliko biti 8, la sivyo kivuli laini kitagawanyika kuwa ngazi za rangi. Ukishusha kuwa biti 8, nyunyiza punje (chembechembe za kubahatisha) kidogo sana juu ya picha nzima, kisha pandisha mwangaza wa skrini hadi mwisho. Mikato mibaya ya maski, yaani maumbo yanayoficha sehemu za leya, hujificha gizani.