Jibu: Utafiti wa simu na watu wenye ulemavu uanzie wapi

Ndugu, umeuliza uanzie wapi utafiti wako kuhusu simu na ujumuishi wa watu wenye ulemavu hapa Dar es Salaam. Ningeanzia kwenye huduma za fedha, si kwenye orodha ya programu. TalkBack, programu inayosoma skrini kwa sauti, imo tayari katika simu nyingi za Android. Swali zito ni kama mtu asiyeona anaweza kutuma fedha bila kumtajia mwingine namba yake ya siri. Kaa na mtumiaji mzoefu asiyeona, Kariakoo au Mbagala, umsikilize anapofungua menyu ya fedha ya nyota na reli (namba zenye * na #): sauti inasoma machaguo yote, na mara nyingine muda unakwisha kabla hajajibu, hivyo analazimika kuanza upya. Hilo ni tatizo la mfumo, wala si la macho yake. Kwa viziwi, chunguza huduma kwa wateja zinazotegemea kupiga simu pekee. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 itakupa msingi wa haki. Tafadhali washirikishe watu wenye ulemavu wenyewe tangu unapoandaa maswali, na uwalipie nauli na bando.