Uuguzi baada ya miaka 35: mahali mwaka unapopotelea

Anayefikiria kusomea uuguzi akiwa na miaka 35, 38 au 40, awe anauza mitumba Memorial pale Moshi au ni karani Arusha mjini, kwanza hujiuliza kama kichwa bado kitashika. Kitashika. Watu wazima wanaofika darasani wamejiandaa husoma vizuri, maana wanajua walichokifuata. Kinachowakwamisha ni mambo ya pembeni: cheti chenye jina tofauti, somo moja la kidato cha nne, kitabu cha wodini ambacho hakikusainiwa. Kijana wa miaka 19 akipoteza mwaka, anao mwingine. Wewe huna wa kupoteza, kwa hiyo shika kalamu kabla hujachukua fomu.

Stashahada ya Uuguzi na Ukunga ni miaka 3, ngazi ya NTA (ngazi za kitaifa za tuzo za ufundi) 4 hadi 6. Baada yake kuna mtihani wa leseni wa Baraza la Uuguzi na Ukunga Tanzania, TNMC, ndipo utafute kazi. Kama inabidi urudie masomo ya sekondari, ongeza mwaka mmoja mbele. Anayeanza maandalizi na miaka 38 anaingia chuo na 39, anamaliza na 42, na leseni anaishika akielekea 43. Matangazo ya ajira serikalini huweka kikomo cha miaka 45 kwa mwombaji ambaye si mtumishi wa umma. Halafu tazama upande wa pili: kustaafu kwa lazima ni miaka 60, na pensheni ya kila mwezi inahitaji michango ya miezi 180, yaani miaka 15. Anayeajiriwa akiwa na 45 kamili anafika 60 akiwa na miezi 180 hasa, bila hata mmoja wa akiba. Kama uliwahi kuchangia NSSF, itunze namba yako ya uanachama.

Ambaye tayari ni mtumishi wa serikali, kwa mfano mhudumu wa afya katika hospitali ya wilaya, kikomo hicho hakimbani. Chake ni barua. Ruhusa ya masomo iwe imeandikwa na kusainiwa na mwajiri kabla hujaripoti chuoni. Ahadi ya mdomo ya mkuu wa idara haisaidii mkuu huyo akihamishwa. Ukirudi na leseni, bila barua hiyo utahangaika sana kubadilishiwa kada, yaani kundi lako la kazi.

Sasa cheti cha kidato cha nne. Sifa ya kuingia ni ufaulu wa masomo manne yasiyo ya dini, kuanzia D, na kati ya hayo lazima ziwemo Baiolojia, Kemia na Fizikia. Hisabati na Kiingereza huongeza nguvu. Hapa ndipo wengi hukwama. Baiolojia wanayo, kwa sababu kila mtu aliisoma mpaka kidato cha nne, ila Fizikia na Kemia waliziacha kidato cha pili walipochagua masomo ya sanaa. Usiruhusu mtu akuambie chuo fulani "kitakuelewa". Sifa hizo zimewekwa kwa nchi nzima, na majina ya wanaodahiliwa hupitia NACTVET, baraza linalosimamia vyuo vya ufundi, kuhakikiwa. Mwenye sifa pungufu anaweza kulipa ada muhula mzima, kisha akaambiwa udahili wake haupo.

Rudia masomo hayo kama mtahiniwa wa kujitegemea. Usajili wa NECTA hufunguliwa Januari na mtihani ni Novemba. Anayechelewa kipindi cha kwanza hulipa faini, na mlango ukishafungwa unasubiri mwaka mwingine. Kwa hiyo anayeamua mwezi wa tano hajachelewa miezi minne, amechelewa mwaka. Unapotafuta kituo uliza swali moja mapema: mtihani wa vitendo wa Kemia na Fizikia mtaufanyaje, na maabara itafunguliwa lini kwa mazoezi? Watu wengi husoma nadharia mwaka mzima, wanakutana na bureti, lile bomba la kioo la kupimia kimiminika, kwa mara ya kwanza siku ya mtihani. Titresheni haisomwi kwa macho. Mkono unatakiwa uzoee kufunga koki mara tu tone moja linapogeuza rangi, na jicho lizoee kusoma chini ya mkunjo wa maji, likiwa sawa na mstari. Kwa upande wa Fizikia, zoea kuchora grafu kutoka kwenye jedwali na kutafuta mteremko wake.

D inaanzia alama 30. Anayeanza Fizikia kutoka sifuri hana haja ya kuimaliza yote kwa usawa. Ashike vizuri vipimo, nguvu na presha, joto, mwanga na umeme wa msingi, afanye mitihani iliyopita kwa saa, na asahihishiwe na mwalimu. Kemia ipe muda zaidi, hasa mole, asidi na besi. Chuoni hutaiacha, itakurudia kwenye mkusanyiko wa dawa na maji ya drip.

Nyaraka ni jambo la wiki chache likifanywa mapema, na la miezi likifanywa dirisha la udahili likiwa wazi. Linganisha jina kwenye cheti cha kuzaliwa, cheti cha kidato cha nne na kitambulisho cha NIDA, herufi kwa herufi. Kina mama walioolewa na kuchukua jina la mume NIDA ndio wanaokumbwa zaidi. Shughulikia hati ya kubadili jina sasa, kwa wakili, na uisajili, kwa sababu jina litakalosajiliwa chuoni ndilo litakalofika TNMC na kwenye leseni. Cheti kikipotea, anzia polisi upate taarifa ya upotevu, kisha NECTA. Namba ya mtihani pamoja na mwaka wake iandike pembeni, mifumo ya maombi huidai.

Mkoa wa Kilimanjaro una bahati ya vyuo vilivyokaa kando ya hospitali: KCMC, Kibosho, Huruma kule Rombo. Unapochagua, usitazame jengo. Tazama kama chuo kimesajiliwa NACTVET na kozi yenyewe imo kwenye mwongozo wa udahili wa mwaka huo, kisha uliza wanafunzi wanapelekwa wodi zipi na wako wangapi kwa msimamizi mmoja. Uuguzi wa kuanzia hausomwi jioni wala kwa simu. Ni kutwa nzima, na mazoezi yana zamu za usiku. Anayekaa Pasua au Kiborloni na anategemea daladala ajue mapema atafikaje wodini kabla ya makabidhiano ya asubuhi, na atarudije zamu ya jioni ikiisha.

Ada iliyoandikwa kwenye tangazo si gharama ya kusoma. Omba fomu ya kujiunga na ujumlishe: sare, viatu, mashine ya presha na stethoskopu, saa yenye mshale wa sekunde, bima, michango ya mitihani, na fildi, yaani mazoezi ya kazi nje ya chuo. Fildi ndiyo huvunja bajeti za wenye familia, kwa sababu unaweza kupangiwa kijijini au hospitali ya mbali wiki kadhaa, ukalipa chumba kule huku nyumbani kodi inaendelea. Uliza kalenda ya fildi ya miaka yote mitatu siku unapochukua fomu. Mikopo ya HESLB, bodi ya mikopo ya wanafunzi, sasa inafika ngazi ya stashahada ya afya, lakini miongozo yake imekuwa na kikomo cha miaka 35. Mwenye 40 apange fedha zake bila hiyo. Kikundi cha vicoba kinasaidia, ila usikope ada ya mwaka wa kwanza kwa marejesho ya kila wiki. Hutakuwa na kipato cha kila wiki.

Kabla ya kuripoti, anza chanjo ya homa ya ini B. Ni dozi 3: ya leo, ya baada ya mwezi 1, na ya miezi 6 tangu ile ya kwanza. Ukisubiri kuianza chuoni utakuwa umeshashika sindano wodini kabla kinga haijakamilika. Na ukichomwa na sindano iliyotumika, osha kwa sabuni na maji yanayotiririka, usiminye jeraha, toa taarifa hapo hapo. Dawa za kinga ya VVU huanzwa haraka iwezekanavyo, kabla ya saa 72 kupita, na humezwa siku 28.

Macho nayo. Kuanzia miaka 40 hivi, maandishi ya karibu huanza kufifia, na mtu hujizoesha kusogeza simu mbali bila kujua. Wodini huwezi kusogeza ampuli, kichupa cha dawa ya sindano, mbali kwenye mwanga hafifu wa saa tisa usiku. Mistari ya bomba la insulini, ambapo mililita 1 ina yuniti 100, ni midogo mno. Pima macho, pata miwani ya kusomea, uwe na jozi mbili, moja ikae mfuko wa sare.

Hesabu za dawa zina kanuni moja tu: dozi inayotakiwa, gawanya kwa dozi iliyopo, zidisha kwa ujazo wake. Chukua magnesiamu salfeti ya asilimia 50 kwa mama mwenye kifafa cha mimba. Kila mililita ina gramu nusu. Dozi ya kuanzia ya mshipani ni gramu 4, hivyo unavuta mililita 8 na kuongeza maji ya sindano mililita 12, ziwe 20 zenye nguvu ya asilimia 20, na inasukumwa taratibu. Anayesahau kuongeza maji amebeba dawa kali kupita kiasi. Mwanafunzi haitoi peke yake, lakini lazima ajue kwa nini 8 na kwa nini 12. Drip vilevile: mililita 1000 kwa saa 8, seti ya matone 20 kwa mililita, ni 1000 mara 20 gawanya kwa dakika 480, matone 42 kwa dakika. Simama na saa yako, hesabu sekunde 15, yapite 10 au 11. Fanya hesabu tano kila siku kabla ya kulala, mpaka usihitaji kikokotoo.

Kosa lingine hutokana na saa zetu. Chati za wodi huandikwa kwa saa 24, na sisi tunahesabu kuanzia macheo. Saa nane usiku huandikwa 0200, saa tisa alasiri ni 1500. Mtu aliyechoka akiandika 0800 akimaanisha saa nane usiku, zamu inayofuata itampa mgonjwa dawa kwa kupishana saa sita. Dawa ya kila saa 6 ikariri hivi: 0600, 1200, 1800, 2400, yaani saa 12 asubuhi, saa 6 mchana, saa 12 jioni, saa 6 usiku.

Mkuu wa zamu anaweza kuwa na umri wa mwanao wa kwanza. Atakuamkia shikamoo mama, kisha atakutuma ukamwage mkojo wa mgonjwa wa kitanda namba 6. Nenda. Hilo wengi hulizoea ndani ya wiki. Lisilozoeleka ni ukimya wake: heshima humfanya aone haya kukusahihisha mbele ya watu, akuache ukosee, akusainie kitabu cha mazoezi kwa huruma. Muhula ukiisha unaingia kwenye mtihani wa vitendo na tabia mbovu ambayo hakuna aliyekuambia. Mwambie mapema, kwa maneno yako mwenyewe: "Mwanangu, nisahihishe kwanza, ndipo usaini." Saini itafute siku hiyo hiyo, kwa sababu wasimamizi hubadilishwa zamu na kitabu chenye nafasi tupu humzuia mtu kufanya mtihani. Kwenye vituo vya mtihani wenyewe alama nyingi hupotea kwa vitu vidogo: kutojitambulisha, kutoomba ridhaa, kusahau kunawa mikono kabla ya kumgusa mgonjwa.

Darasani Kiingereza ndicho cha kufundishia. Unda kundi la watu wanne pamoja na vijana. Wao wana kasi ya maandishi, wewe unajua kuzungumza na mgonjwa, na wote mnapata.

Aliyevuka 45 akiwa na leseni bado anahitajika. Hospitali za mashirika ya dini na binafsi huajiri kwa taratibu zao: Selian, Nkoaranga, Machame, Marangu, Kibosho na vituo vidogo vingi kati yake. Peleka barua kwa mkono pamoja na nakala ya leseni hai, na kabla ya kusaini mkataba ulizia mambo mawili, michango ya NSSF inaanza mwezi gani, na zamu za usiku ni ngapi kwa mwezi. Leseni huhuishwa kwa pointi za mafunzo endelevu, hivyo kila semina unayohudhuria hakikisha pointi zake zimeingizwa kwenye akaunti yako ya TNMC.