Albamu Mpya za Sinthesaiza: Zipime kwa Mluzi

Albamu za sinthesaiza, yaani vinanda vya kielektroniki vinavyounda milio, zinazodai kurithi muziki wa filamu za Ulaya za miaka ya 1970 zinatoka kwa wingi siku hizi, na nyingi hazina kitu ndani. Nasema hivi nikiwa mpenzi wa muziki huo, niliyekwisha kuchoma bando la kutosha nikiutafuta. Mimi ni mpiga kinanda, kanisani na harusini, kwa hiyo najua ilivyo rahisi sasa kupata mlio wa Minimoog, sinthesaiza maarufu ya miaka hiyo: unafungua programu kwenye kompyuta, unachagua, basi. Kilichobaki kigumu ni melodi, na ndiyo ninayoitafuta kwanza.

Kipimo changu ni mluzi. Sikiliza wimbo mara moja, zima, endelea na shughuli zako, halafu jioni jaribu kuupiga mluzi. Ukikumbuka tu kwamba mlio ulikuwa mzuri, achana nao. Jalada nalo lisikuhadae. Kisu na maandishi mekundu anaweza kuchora yeyote.

Ila mluzi hautoshi kama hujakisikia chanzo. Wengi wetu tulikulia kwenye mabanda ya video, kwa filamu za kutafsiriwa ambamo muziki hufukiwa na sauti ya mtafsiri, kwa hiyo masikio yetu hayakuzoea kuufuata. Anza na Goblin, bendi ya Italia. Mwaka 1975 mwongozaji Dario Argento aliwapa vijana hao kazi kwenye filamu yake ya kutisha, Profondo Rosso, iliyokuwa imeanza na mtunzi wa jazi, Giorgio Gaslini. Kinanda cha Claudio Simonetti kinazunguka na vinoti vichache vinavyorudi na kurudi. Hata mtoto ataviimba.

Kisha nenda Suspiria ya mwaka 1977, filamu nyingine ya Argento yenye muziki wa Goblin, na hapa usiwe na haraka. Juu kuna kitu kama wimbo wa kubembelezea mtoto, kuna mtu ananong'ona, chini kuna sinthesaiza ya Moog. Lakini ukitega sikio utakuta pia buzuki, chombo cha nyuzi cha Kigiriki, na tabla, tabla ileile ya taarabu ya Mombasa. Hapo ndipo waigaji wa leo wanapopotea: wamechukua Moog wakaacha buzuki. Sinthesaiza ya wakati ule ilikaa katikati ya vyombo vya mbao, ngozi na nyuzi, na ilitisha kwa sababu ilikuwa mgeni kati yao. Albamu nzima ya sinthesaiza tupu, na dramu za mashine juu yake, inachosha mapema, na mimi huizima.

François de Roubaix, mtunzi wa muziki wa filamu wa Ufaransa, alilijua hilo. Alikuwa na studio nyumbani kwake Paris, akirekodi vyombo mwenyewe, tabaka juu ya tabaka, hadi alipofariki mwaka 1975 akipiga mbizi katika visiwa vya Canary, akiwa na umri wa miaka 36. Kwa Ujerumani, itafute bendi ya Popol Vuh kwenye Aguirre, filamu ya Werner Herzog ya mwaka 1972. Ile "kwaya" unayoisikia inatoka kwenye kinanda kinachoendesha kanda zilizorekodiwa. Sisi tunaobonyeza kitufe cha kwaya kwenye Yamaha za kanisani tuna la kujifunza pale.

Sasa albamu mpya. Ninaowapa watu kwanza ni Zombi, wawili kutoka Pittsburgh, Marekani: Steve Moore kwenye besi na sinthesaiza, Anthony Paterra kwenye dramu. Jina lao ni lile ambalo filamu ya George Romero ya mwaka 1978, Dawn of the Dead, ilipewa Italia, na Goblin waliipigia muziki. Dramu za Paterra ni za mikono na miguu ya mtu, na ndizo zinazoibeba Surface to Air ya mwaka 2006. Ukiipenda, ruka hadi Direct Inject ya mwaka 2024. Umberto, Mmarekani mwingine, yuko karibu zaidi na Italia kwenye Prophecy of the Black Widow ya mwaka 2010, ingawa kwangu anashinda kwa hali ya wimbo kuliko kwa melodi.

Albamu ya Broadcast, bendi ya Uingereza, ya muziki wa filamu ya Berberian Sound Studio, ya mwaka 2013, ina vipande 39 ndani ya dakika zisizofika 40. Filamu yenyewe inahusu fundi sauti Mwingereza aliyekwenda Italia kutengeneza sauti za filamu ya kutisha. Usiisikilize kwa kuchanganya nyimbo. Ipige kuanzia mwanzo hadi mwisho, la sivyo utaona makombo tu. Na ukichoshwa na vitisho, Calibro 35 wa Milano wanafuata filamu za polisi na majambazi, bendi kamili inayotoa jasho.

Kuhusu kununua: kwenye Bandcamp, tovuti ya kuuzia muziki, mara nyingi unaweza kusikiliza kabla hujalipa, kwa hiyo fanya kipimo cha mluzi hapo. Santuri zinavutia, lakini ulizia kwanza nauli ya mzigo na ushuru wa forodha, maana vikijumlishwa vinaweza kuizidi bei ya santuri yenyewe. Mimi nanunua faili. Na tafadhali, Zombi usiwasikilize kwa spika ya simu. Besi yote ya Moore itakupita.