Barua kwa mwanangu: kwa nini ninaufuata muziki mbali

Mwanangu mpendwa,

Uliniuliza kwa nini, kwa magoti haya na nauli za siku hizi, ninatoka Mwanza mpaka pwani, kisha navuka maji kwenda Unguja, kusikiliza taarab ambayo ungeweza kunirushia kwenye simu nikaisikiliza nikiwa kitandani. Niliona swali lako halitoshi kujibiwa kwa meseji.

Nyimbo unazonirushia ninazipenda, na nikiwa jikoni huwa ndizo zinazonichangamsha. Lakini wimbo wa kwenye simu umeshakwisha kuimbwa. Mwimbaji hajui kama nipo. Ubeti ukinichoma, hatauongeza kwa ajili yangu. Mimi nimelelewa kwenye muziki unaomhitaji aliyekuja.

Unajua nimekulia Kisesa, karibu na Bujora. Mwezi Juni, wakati wa Bulabo, sikukuu ya ngoma za Wasukuma, Wagika na Wagalu, pande mbili za wachezaji zinazoshindana, wanacheza kwa wakati mmoja, kila upande na uwanja wake. Kwa desturi, mshindi ni yule ambaye watu wamejaa kwake. Ndiyo maana mmoja ataleta chatu, mwingine atarusha jembe juu na kulidaka bila kupoteza mdundo, na wote wanatafuta dawa za kuvuta watu. Umati unasimama huku, kelele zikipigwa kule unakimbilia kule, vumbi tupu. Babu yako na wenzake walikuwa wakitembea kwa miguu kutoka Magu, wanalala njiani, ili upande wao usipungukiwe. Hawakuwa wachezaji. Kazi yao ilikuwa kuwapo, na kazi hiyo iliweza kuamua ushindi.

Unguja nilikuta msikilizaji naye ana kazi. Kwenye taarab ya ukumbini watu wanakaa, wanasikiliza maneno. Kanuni, ile ala ya nyuzi nyingi, inaanza, fidla zinaingia, akodioni inajibu, na mwimbaji anatoa shairi polepole. Likifika neno linalokugusa, unainuka na noti mkononi, unakwenda mbele kwa mwendo wa maringo, kila mtu akikuona, unamtunza. Mwimbaji akiona watu wameinuka, anaurudia ubeti ule ule, na safari hii anauimba kwa uchungu zaidi. Kuna anayetunza kwa sababu amefiwa na mume, kuna anayetunza ili mwanamke aliyekaa safu ya nyuma ajue kwamba fumbo lile ni lake. Ukumbi mzima unalisoma jambo hilo bila mtu kutajwa jina. Sasa mwanangu, nitamtunza nani kwenye simu?

Siku ninayoishika zaidi ni ile niliyomsikia Bi Kidude, mwimbaji wa Unguja, pale Ngome Kongwe, kwenye tamasha la Sauti za Busara. Bibi mzee vile, ngoma imefungwa kiunoni, sauti inakwaruza na bado inapanda juu ya kuta za mawe. Niliisikia kifuani kabla haijafika masikioni. Aprili 2013 akafariki. Rekodi zake zipo na Mungu awabariki waliozifanya, lakini usiku ule nisingeupata popote kama ningesema nitakwenda mwakani. Tamasha lenyewe, lililoanza mwaka 2004, mwaka 2016 halikufanyika kwa kukosa fedha. Kwa hiyo Februari ikifika na likawapo, mimi nafunga mkoba.

Tena waimbaji wa taarab wenyewe ndio waliotangulia kusafiri. Siti binti Saad alitoka Fumba, kijijini, akiuza vyungu mjini, na mwaka 1928 alivuka bahari mpaka Bombay kuimba mbele ya mashine ya kurekodi. Bi Kidude katika ujana wake alizunguka bara akiimba, nyakati ambazo barabara zilikuwa za kubahatisha. Sauti zile zilitufuata sisi huku. Naona ni haki na mimi niende ulikozaliwa muziki wao.

Kuhusu fedha, ondoa wasiwasi. Nauli inatoka kwenye mgao wangu wa kikoba, sijagusa unayonitumia ya dawa. Na safari si ngumu kama unavyodhani. Siku hizi nashuka Dodoma, nalala kwa mama yako mdogo, asubuhi napanda treni ya umeme mpaka Dar, kesho yake boti. Basi kutoka Mwanza ndilo linalonichosha, hilo sikufichi. Miguu inavimba tukipita Singida. Daktari ameniambia ninyooke kila basi linaposimama, nami natii.

Umesema pia kwamba huoni tofauti kati ya kusikiliza na kuwapo. Sitakulazimisha uamini. Omba likizo Juni, uje Bujora siku ya Bulabo. Usisimame na mimi, maana mimi nitakuwa kwa Wagalu kama babu yako na nitakuvuta. Zunguka mwenyewe, uchague uwanja utakaokushika, halafu jioni tukae unieleze ulisimama wapi na kwa nini.

Wasalimie mkeo na wajukuu zangu. Huyo mkubwa anayepiga ngoma kwenye ndoo, usimkataze.

Mama yako