Re: Ukubwa wa folda unalingana, naweza kufomati kadi?

Mkuu, umeshakopi kadi zako tatu za kamera kwenye diski na ukubwa wa folda unalingana, lakini usifomati bado. Ukubwa kulingana kunaonyesha idadi ya baiti tu, hakusemi lolote kuhusu kilichomo. Waya mbovu unaweza kugeuza baiti moja na ukubwa ukabaki uleule. Mhariri ndiye atakayegundua, klipu ikianza kuganda katikati.

Unachohitaji ni cheksamu. Programu inasoma faili lote na kulitolea alama ya herufi na tarakimu, kisha inaisoma nakala kutoka kwenye diski na kulinganisha. Kama bajeti ya Silverstack (programu ya kulipia ya kukopi na kuhakiki kadi) haipo, programu ya kuhariri video ya DaVinci Resolve, ile ya bure, ina Clone Tool ya kukopi kadi kwenye ukurasa wa Media. Inakopi kwenda diski mbili kwa mpigo. Chagua MD5 (aina ya cheksamu) kabla ya kuanza.

Kopi kadi nzima kama ilivyo, usichomoe MP4 (video zenyewe) peke yake ukaacha XML za Sony (faili za maelezo ya klipu). Na hapa ndipo wengi wanapoumia: kamera iliyowekwa ianze namba upya inatoa C0001.MP4 kwenye kila kadi iliyofomatiwa. Mwaga kadi mbili kwenye folda moja, kubali haraka faili jipya lichukue nafasi ya la zamani, na kazi ya asubuhi nzima imekwenda. Kila kadi iwe na folda yake, mfano S02_A_003 (siku, kamera, kadi), na jina hilohilo liandikwe kwenye tepu juu ya kasha.

Diski ya kuzunguka ya MB 130 kwa sekunde inamaliza GB 256 kwa dakika 33 hivi, na kuhakiki ni muda kama huo tena. Mwongozaji alijue hilo mapema, asije kudai kadi baada ya nusu saa. Diski zinazotumia umeme wa ukutani zipitie UPS (betri ya akiba). ExFAT (mfumo wa kupanga faili kwenye diski) haivumilii jenereta kuzimika katikati ya kukopi.

Cheksamu haikamati klipu iliyoharibikia ndani ya kamera. Hiyo utapata nakala safi ya kitu kibovu, na alama zitalingana vizuri kabisa. Fungua kila klipu mwanzo, kati na mwisho, kutoka kwenye nakala, na uvae hedifoni.

Kwa kadi zako tatu: funga kitufe cha kuzuia kuandika kama ni SD, kopi upya na MD5 kwenye diski mbili, diski ziondoke lokesheni kwa magari tofauti. Kufomati ufanyie ndani ya kamera, si kwenye laptopu.