Maswali na Majibu: Taya la Juu na Tofauti Zake

*Nina uvimbe mgumu katikati ya kaakaa. Nisukutue kwa dawa gani ili uyeyuke?*

Hakuna dawa ya kusukutua inayoyeyusha mfupa. Swali hili hunijia mara kwa mara, na karibu kila mwulizaji husahau kutaja umri wake, muda ambao uvimbe umedumu na kama unauma. Nundu ngumu iliyo katikati ya kaakaa, isiyo na kidonda wala maumivu na iliyokua polepole kwa miaka, aghalabu ni ziada ya mfupa tu, nayo huondolewa pale inapozuia meno ya bandia kukaa vizuri au inapochubuliwa na chakula kila mara. Lakini uvimbe laini, unaotoa damu au ulio upande mmoja, pamoja na kidonda kisichopona kwa wiki mbili, upelekwe kwa daktari wa kinywa na meno, si kwa muuza dawa.

*Nina miaka 34 na magego ya mwisho ya juu hayajaota. Je, nina kasoro?*

Hapana, wengine hawakuumbiwa magego hayo, na wengine wanayo lakini yamefichika mfupani.

*Niling'olewa gego la juu, na sasa nikinywa maji yanatokea puani.*

Juu ya magego hayo, ndani ya mfupa, kuna uvungu wenye hewa unaofunguka puani, ambao ukubwa wake hutofautiana sana baina ya watu, na hata baina ya upande wa kushoto na wa kulia wa mtu yuleyule. Kwa wengine sakafu yake iko mbali na meno. Kwa wengine hushuka hadi katikati ya mizizi, ikabaki imetenganishwa nayo kwa utando mwembamba tu, unaoweza kutoboka gego linapong'olewa. Ndiyo maana nasisitiza, na sitachoka kusisitiza, kwamba gego la juu lising'olewe kabla ya kupigwa picha ya eksirei, wala lisiguswe na mtu asiyesomea kazi hiyo eti kwa kuwa bei yake ni nafuu. Rudi kwa daktari leo. Tundu dogo huweza kujiziba lenyewe, ilhali kubwa huhitaji kushonwa. Kwa sasa usipenge kamasi kwa nguvu, usivute sigara, wala usinywe kwa mrija.

*Fundi mmoja mtaani anachonga mwanya. Je, ni salama?*

Si salama, kwa sababu sehemu ngumu ya nje ya jino ikishachongwa hairudi. Na wewe ambaye hukuuliza, lakini mwanya wako umejitokeza ukubwani, usiufurahie kabla fizi zako hazijapimwa, kwa kuwa ugonjwa wa fizi hula mfupa na kuyaachanisha meno.

*Gego langu la kwanza la juu limetibiwa mzizi mara mbili na bado linauma. Niling'oe?*

Subiri kwanza, umuulize daktari kama alitafuta mfereji wa nne, yaani njia nyembamba ya neva ndani ya mzizi. Gego hilo huwa na mizizi mitatu kwa kawaida, lakini mzizi wa mbele ulio upande wa shavu mara nyingi huwa na mifereji miwili, na wa pili ni mwembamba kiasi cha kupitwa kwa urahisi.